Mara Tatu Juu ya Reli

Mama mkubwa alinituma kitu kidogo tu: nikachukue daftari la mnara wa taa, kesho lisomwe kwenye kumbukumbu ya mumewe. Jua lilikuwa linazama. Nikamwambia nitakwenda asubuhi. Akasema asubuhi atakuwa na wageni, halafu mimi ndiye ninayepajua. Nikachukua funguo.

Mumewe, yaani baba yangu mkubwa, sote tulimwita Kamanda. Alistaafu ulinzi wa pwani, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa jina tu. Wakubwa walipouzima ule mnara wa taa na kutaka kuubomoa, aliwaandikia barua mpaka wakachoka wao, wakampa funguo. Miaka kumi na miwili alikwangua kutu, akapaka rangi, akasugua kile kioo kikubwa cha taa, na mimi namsaidia huku nanung'unika. Tulimtania kwamba ameoa mke wa pili, wa matofali.

Alikuwa na sheria moja. Mmoja akipanda, mwingine abaki chini mlangoni. Kila baada ya muda, aliye chini anagonga reli ya ngazi, mara moja. Wa juu akijibu mara mbili, yuko salama. Akijibu mara tatu, au akinyamaza, panda upesi.

Jioni yake ya mwisho alipanda yeye, mimi nikabaki chini, na kulikuwa na mpira. Niligonga mara moja.

Kong... kong... kong.

Tatu. Nilizisikia vizuri. Nikajiambia mzee amekosea kuhesabu, uzee huo. Yeye, ambaye hakuwahi kukosea! Nikaenda zangu kutazama mpira. Alikutwa asubuhi amekufa, sakafuni kule juu, karibu na reli. Nikawaambia watu nilisikia mbili, ndipo nikaondoka. Mama mkubwa akanishukuru. Hebu fikiria, akanishukuru.

Basi jioni hiyo ya kutumwa daftari nikafungua mlango wa mnara. Nikapanda ngazi zote bila kupumzika, maana nilitaka nitoke kabla giza halijaingia. Daftari lilikuwa mahali pake, juu ya kisanduku cha vitambaa. Nikalitia kwapani.

Harufu ikanifikia kwanza. Dawa ya kusugulia shaba. Mbichi, kana kwamba kopo limefunguliwa sasa hivi.

Halafu, kutoka chini...

Kong.

Mara moja.

Mlango niliufunga mwenyewe, na funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikabana pumzi. Nikanyamaza.

Kumbe ndilo kosa. Sheria niliijua.

Nyayo zikaanza kupanda. Taratibu, za mtu mwenye goti bovu, anayepumzika kila kona. Goti la Kamanda. Hazikuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipotaka kulia. Alikuwa anakuja kunisaidia.

Nikagonga reli kwa funguo. Mara mbili.

Nyayo zikasimama. Zikageuka. Zikashuka.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mama mkubwa alikuwa peke yake sebuleni, anapiga pasi sare ya marehemu. Nikaliweka daftari mezani. Hakulitazama. Alinitazama mimi.

"Kuna kitu daktari aliniambia, sikumwambia mtu," akasema polepole. "Vifundo vya vidole vyake vilichubuka vyote. Hakufa pale pale. Aligonga usiku kucha."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke.

"Mwanangu, wewe si ulikuwa chini?"

Nilijua nikisema, sina tena mama mkubwa, wala sina pa kwenda. Nisiposema, kesho nitasimama mbele ya wageni nisome daftari lile, kwa sauti nzuri, kama mtoto mwema.

Nje, kwenye reli ya kibarazani...

Kong.

Mama mkubwa hakushtuka. Akaishusha pasi, akaizima. Nikaelewa kwamba halikuwa jambo geni kwake.

"Anagonga kila jioni," akanong'ona. "Mimi simjibu. Si mimi anayemtaka."

Ningegonga mara mbili, angeondoka. Nilikwisha kuona. Mbili tu, na kila kitu kingebaki kama kilivyo.

Nikakunja ngumi. Nikagonga meza mara tatu.

"Aligonga tatu, mama," nikasema. "Nilisikia. Nikaenda kutazama mpira."

Alikuwa anatazama mlango.

Nje, taratibu, za mtu mwenye goti bovu, nyayo zilianza kuja.