Jina Lililoitwa Hewani

Jumamosi hiyo niliamka nimechoka vilevile nilivyolala. Nikamwosha mtoto, nikamfunga mgongoni, nikaenda naye kazini, kwa sababu msichana wa kunisaidia alikuwa amerudi kwao Sio Port, kule ziwani, na sina mwingine. Stesheni yetu ya redio iko hapa Busia mjini, ghorofani juu ya duka la vipuri. Mimi na Quinton ndio tunaoendesha kipindi cha wanamuziki wanaopiga laivu studioni kila Jumamosi mchana. Yeye anachekesha, mimi nasoma salamu. Mgeni wa siku hiyo alikuwa Ojakol na kundi lake kutoka Malaba, na Ojakol alikuwa amepiga simu kusema malori yamefunga barabara yote, tumngoje.

Mtoto alikuwa analia. Alikuwa analia tangu azaliwe, mchana na usiku, na hata jina hakuwa nalo. Mimi ni Msamia wa Namboboto, nimeolewa kwa Wateso, na kwao jina hutolewa na nyanya, mama ya baba. Anachovya kidole kwenye ajon, ile pombe yao ya wimbi, anampa mtoto huku akiita majina ya watu wa boma waliokufa. Mtoto akinyonya, jina ndilo hilo. Lakini mama mkwe wangu, Ajiko, alikuwa amevimba mguu, na Callistus, mume wangu, alikuwa Kampala na lori. Basi tukawa tunamwita Beibi tu, na tunangoja.

Akaingia mama mmoja na akogo yake, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Amevaa gomesi ya kijani, safi kabisa, kama hakupita kwa hii vumbi yetu. Akasema anaitwa Akurut na Ojakol amemtuma atangulie. Quinton alikuwa ameshachoka kurudia nyimbo za akiba, hakuuliza lolote.

"Karibu mama, kaa hapo, maiki ndiyo hiyo."

Akapiga. Alijua kupiga, hilo siwezi kumnyima. Lakini mtoto alilia mpaka ikasikika hewani, na Quinton naye hawezi kuacha kitu kipite.

"Wasikilizaji, huyo si mgeni, huyo ndiye bosi wa stesheni! Anadai mshahara!"

"Anaitwa nani?" Akurut akauliza.

"Bado hana jina," nikasema.

"Bado? Roselida, mtoto ataoa akiitwa Beibi?" Quinton akadakia. "Watu wa Busia, watu wa Malaba, leo tunampa jina! Pigeni simu! Na wewe mama, wewe ni Mteso, mtafutie na akogo hapo."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimechoka, hiyo tu. Simu zikaanza kuingia, watu wanacheka, mmoja anataka aitwe Gavana, mwingine Trela. Na mimi nikacheka.

Akurut hakucheka. Alinyoosha kidole. Kilikuwa kimelowa, sijui alichovya wapi. Akakitia mdomoni mwa mtoto.

Mkono mmoja tu ulibaki kwenye akogo. Muziki haukupungua.

"Okwi," akaita.

Mtoto akalia.

"Omuse."

Akalia zaidi.

"Ongodia."

Kimya. Ananyonya.

Quinton akapiga makofi. "Ongodia! Semeni nyote huko mliko, Ongodia!" Akarudia na kurudia, na mimi nikahisi simu yangu inatetemeka. Ajiko. Nikajibu nikiwa nimeinama chini ya meza.

"Roselida, ni nani huyo?" Alikuwa ananong'ona, nyumbani kwake mwenyewe.

"Ni mgeni tu, mama."

"Anaita watu wetu. Wa boma letu. Anawataja mmoja mmoja, kwa mfuatano waliozikwa. Na huyo wa mwisho sisi hatumwiti. Mtoe mtoto hapo."

Nikainua kichwa. Kiti kilikuwa kitupu. Quinton alikuwa anatazama kompyuta yake, na mlango wetu, ambao hulia ukifunguliwa, haukuwa umelia.

Ojakol alipofika na vijana wake, wamejaa jasho, nilimuuliza. "Akurut? Mimi sina mwanamke kwa kundi, dada."

Ajiko alikuja jioni hiyohiyo kwa boda, na ule mguu wake. Akanieleza kwamba Ongodia alikuwa shemeji yake, alikufa bila mtoto, na alikufa na uchungu. Watoto wa ukoo waliopewa jina lake, hakuna aliyewahi kusimama kwa miguu yake.

"Jina likiitwa vibaya nyumbani, watu wote wanaliacha, linasahaulika," akasema. "Sasa hili lako, nani ataliacha?"

Kwa sababu lilikuwa limesikika kila mahali. Sokoni, mama anayeuza omena: "Ongodia hajambo?" Stendi ya boda: "Mama Ongodia, twende!" Na kila akiitwa, mtoto anageuza kichwa, mtoto mchanga vile. Na kila akiitwa, mgongoni nahisi amekuwa mwepesi. Nguo zikaanza kumpwaya. Nikaomba hewani, nikaomba na machozi, jamani, msimwite hilo jina. Salamu za Ongodia zikaongezeka.

"Roselida," Quinton akaniambia polepole, "unawakumbusha."

Ajiko akaamua kumpa jina upya. Tulifunga pazia, tukafunga mlango, bila jirani kujua. Akachovya kidole kwenye kibuyu cha ajon, akaita mtu wa kwao alikozaliwa, ambaye yule mama hakumtaja. "Otukei." Mtoto akanyonya. Akanyonya kwa nguvu, akalala. Ajiko akalia. "Amekubali, mama. Huyu sasa ni Otukei."

Kibuyu kilikuwa bado kimejaa. Akakifunga kwa kitambaa, mafundo mawili, asubuhi tuwamwagie wafu wa boma mlangoni.

Nikalala. Jamani, nililala.

Jua ndilo lililoniamsha. Hakuna kilio. Nikaruka hadi kitandani kwa mtoto. Alikuwa macho, ametulia, anatazama dari. Anapumua.

Ajiko alikuwa amesimama mezani. Mafundo yake yalikuwa palepale. Akayafungua, akainamisha kibuyu. Hakikutoka kitu. Kilikuwa kikavu mpaka chini.

"Wewe ulikunywa?"

"Mama, mimi nimeokoka."

"Mwite," akanong'ona.

"Otukei," nikaita. "Otukei."

Hakugeuka. Lile jina lingine hatukulijaribu.

Nilimnyanyua. Alikuwa mzito. Mzito kuliko siku zote nilizombeba. Nikamkumbatia, nikainama kumbusu, na mdomo wake mdogo ulikuwa unanuka ajon.