Mgeni Aliyekataa Matobolwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Limi alikwenda kisimani mara mbili. Tangu mgeni alipofika, alikwenda mara tatu.

Mgeni huyo, Stanslaus, alikuwa seremala katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Alikuja kijijini Samuye kwa lori la pamba, mwaka 1954, ili wazazi wa mchumba wake wamfahamu. Mchumba mwenyewe alikuwa Paskazia, dada yake Limi. Walikuwa wamejuana miezi mitatu tu, tangu Paskazia alipokwenda Geita kumuuguza shangazi yake.

"Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi," Limi alimwambia rafiki yake Mageni njiani. "Mama kampa matobolwa, tena ya viazi vitamu kabisa, tulivyopika na kukausha wenyewe. Kakataa. Chai anakunywa bila sukari. Na kila akitaka kula, anaingia kwanza chumbani, anafunga mlango."

Mageni alisimama. "Anafunga mlango afanye nini?"

"Hicho ndicho ninachotaka kujua."

"Mwangalie sana. Mjomba anasema machimboni wapo watu wanaotafuta bahati ya dhahabu kwa damu ya wachumba wao. Shauri yako, utabaki huna dada."

"Mjomba wako naye! Si ndiye aliyesema gari moshi linakula mbuzi?"

Walicheka. Hata hivyo, maneno yale yalimkaa Limi moyoni.

Jumamosi hakukuwa na shule. Stanslaus alishinda asubuhi akimpasulia Mama kuni. Jua lilipofika utosini, aliweka shoka chini, akamuuliza Limi pembeni, kama alivyofanya kila siku, "Limi, chakula kiko tayari?"

Chakula hakikuwa tayari. Baba yao, mzee Ngassa, alikuwa bado kisimani akinywesha ng'ombe, na katika nyumba ile hakuna aliyegusa ugali kabla yake. Lakini Limi alitaka kuona siri ya mlango ule.

"Kiko tayari, kaka. Wanakusubiri wewe tu."

Stanslaus akaingia chumbani. Limi akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia penye ufa wa ukuta. Alimwona akifungua kopo dogo. Akatoa chupa na bomba la sindano, akavuta dawa nyeupe kama maji, akajichoma pajani. Hata uso hakukunja.

Limi alikimbia hadi jikoni. "Mama! Anajichoma sindano kwa siri!"

Mama aliacha kupepeta. "Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Mama."

"Basi nyamaza. Baba yako akija, mtu huyu atajieleza." Limi hakusema alivyomdanganya mgeni.

Stanslaus alipotoka, alikuta mafiga hayana hata moto. Alimtazama Limi. Limi akatazama chini. Mtu aliyekuja kuposa haombi chakula ukweni. Angeitwa mlafi mpaka uzeeni. Akakaa kivulini, akangoja.

Alingoja muda mrefu. Kumbe ng'ombe mmoja alikuwa amekwama kwenye matope, na mzee Ngassa alikuwa akihangaika kumtoa. Paskazia alipompelekea mgeni maji, alimkuta ameloa jasho. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na maneno yalitoka kama ya mlevi.

"Sukari," alisema. "Asali... chochote..."

Mama alirudi nyuma hatua mbili. "Jana sukari aliikataa, leo anaililia? Dawa zake zimemgeuka! Paskazia, usimguse!"

"Stanslaus, una nini?" Paskazia alimshika bega.

"Sindano... sijala... Limi alisema..." Akashindwa kumaliza.

Wote wawili walimgeukia Limi. Angeweza kukana, maana hakuna mwingine aliyesikia. Lakini mtu yule alikuwa akilegea mbele ya macho yake, na midomo ilikuwa imempauka.

"Dada, nilimdanganya," alisema huku akilia. "Nilimwambia chakula kiko tayari ili nimchungulie. Akajichoma sindano akijua atakula. Mpeni anachoomba!"

"Leta asali!" Paskazia alipaza sauti.

"Ukimuua je?" Mama aliuliza.

"Mama, mwenyewe ndiye anayeomba."

Limi alileta kibuyu. Paskazia alimlisha asali kidogo kidogo, akihakikisha amemeza kwanza. Baadaye jasho lilikauka, macho yakatulia. Mama akawasha moto, akamkorogea uji, kisha akasonga ugali.

Mzee Ngassa alirudi akiwa na matope hadi magotini. Alisikiliza kila mmoja kwa zamu, kisha akasema, "Haya, kijana. Sasa wewe."

"Nina ugonjwa wa sukari, Baba. Vitu vitamu vinanidhuru, na bila sindano siishi. Lakini nikishajichoma nisipokula, sukari inapungua mno mwilini. Hapo asali ndiyo inayoniokoa."

"Unaambukiza?" Mama aliuliza.

"Hauambukizi, Mama. Nilimweleza mchumba wa kwanza, kule Buseresere. Kwao walivunja hata kikombe nilichonywea. Nikaapa kwamba safari hii sitasema mpaka baada ya harusi."

Paskazia alimtazama usoni. "Kwa hiyo ungekuja kuanguka nyumbani kwetu, nami nisijue nikupe asali au nikupe maji?"

Stanslaus aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Ugonjwa hauhitaji msamaha. Kunificha ndiko kulikoniuma. Nipe muda nifikiri. Na wakati nafikiri, nifundishe hiyo sindano."

Mzee Ngassa alinawa mikono taratibu. "Limi, ulikuwa na haki ya kushangaa. Ungeuliza. Ulichagua uongo, na uongo wako nusura utuzikishe mgeni. Ila ulipoona anazama, ulisema kweli ingawa ilikuaibisha, na kweli hiyo ndiyo iliyomrudisha. Nawe Stanslaus, ulituogopa kabla hujatujua. Anayekuficha jambo kwa kukushuku mabaya hukufanya nawe umshuku. Mtu anayetaka kuishi na mwenzake humweleza hali yake mapema. Mwenzake akikimbia, na akimbie. Akibaki, atajua namna ya kumsaidia."

Kisha akaketi, akamwita Mama alete ugali, na akamwambia Stanslaus awe wa kwanza kumega.