Pipa la Mbichi na Pipa la Kavu

Kila siku alfajiri, Bi Mwiko huwasha moto katika jiko la chuo kikuu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hata akisalimia, mwiko uko mkononi. Wanafunzi mia nne hula kwake. Mmoja wao ni binti yake wa kumzaa, yuko mwaka wa pili, naye hapendelewi hata kijiko kimoja cha mchuzi.

Bi Mwiko na wenzake walipika vizuri, lakini walitupa vibaya. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo la taka. Wali, maganda, chupa za plastiki na mifuko, vyote viliingia humo. Siku moja afisa afya alikuja, akaziba pua, akasema bila kuzunguka: "Nawapa miezi miwili. Nikikuta hali hii, jiko nalifunga."

Bi Mwiko alikosa raha. Jiko likifungwa, yeye na wapishi wenzake sita hawana kazi. Alimweleza binti yake, na binti akawakusanya wenzake wa klabu ya mazingira. Walikubaliana mabaki ya chakula yawe mboji, yaani mbolea ya bustani ya chuo. Basi wakaweka mapipa mawili mlangoni. Moja waliliandika TAKA MBICHI, la pili TAKA KAVU. Bi Mwiko akashusha pumzi.

Aliishusha mapema mno. Baada ya wiki moja, mtunza bustani alikuja na toroli lake, akayamwaga mapipa yote mawili uwanjani. Kwenye taka mbichi kulikuwa na chupa za plastiki. Kwenye taka kavu kulikuwa na mikate, na wali ulioanza kunuka.

Bi Mwiko alipandwa na hasira. "Watoto wamefika chuo kikuu, kusoma pipa kumewashinda?"

"Wamesoma vizuri sana, dada," mtunza bustani akamjibu. "Nimewauliza. Huyu ananiambia wali umeiva, utakuwaje mbichi? Yule anasema mkate ulikuwa mkavu. Na chupa ilikuwa imelowa. Kosa ni la maneno tuliyoandika."

Binti, aliyeyaandika, alitamani ardhi ipasuke. Kisha akacheka, na mama yake akacheka pia, ingawa hakutaka.

Mtunza bustani akawaeleza polepole. Wasitazame kama kitu kimelowa au kimekauka. Wajiulize: nikikifukia, kitaoza? Maganda, wali, mkate na majani ya chai huoza. Plastiki, kioo na bati haviozi, hivyo vipelekwe kwa wanaovitengeneza upya. Vinavyooza huchanganywa na majani makavu, hufunikwa vizuri ili nzi na panya wasipate pa kula, na hugeuzwa kila wiki ili hewa ipite.

Jioni ileile binti alifuta maandishi ya zamani. Akaandika KINAOZA na HAKIOZI. Siku tatu mfululizo, yeye na wenzake walisimama kando ya mapipa wakiwaelekeza wanafunzi. Bi Mwiko naye aliona jinsi wali ulivyokuwa ukitupwa, ukamuuma. Akaanza kupakua kidogo. Alimwambia kila mwanafunzi, "Usiposhiba, rudi." Wachache tu walirudi, na mapipa yakawa mepesi. Chuo kikaleta gari, shimo la zamani likasafishwa na kufukiwa, na kando yake mtunza bustani akaanza lundo la mboji.

Miezi miwili ikatimia. Afisa afya alizunguka nyuma ya jiko. Akachota mboji mkononi, akainusa.

"Inanukia udongo," afisa akasema. "Endeleeni kupika, mama. Na wapishi wa vyuo vingine nitawaleta hapa wajifunze."

Alipoondoka, Bi Mwiko aliketi juu ya debe, machozi yakimtiririka. Binti yake akamkimbilia, akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu," akasema. "Ni mzigo tu umenitoka. Niache nikae kidogo, halafu tupike."