Mume Wangu Aliandika Simu Iliyokufa Kwenye Bima Yake

"Namba hiyo imekufa! Simu yenyewe haina hata waya ukutani, jamani, pigeni nyingine!"

Hapo nimepiga magoti kwenye theluji, simu ya setilaiti ya watu nimeibana sikioni, kamasi zimeganda…

Na mbele yangu mume wangu kalala chali chini ya msunobari. Paja lake limepinda mahali ambapo paja halipindi.

"Dada, tulia kidogo." Ni dada wa kitengo cha dharura cha bima, sauti inakuja na kupotea. "Mteja hajitambui. Masharti ya bima yake yanasema helikopta hairuki mpaka mtu aliyemwandika nyumbani akubali, na atuambie dawa gani zinamdhuru."

"Mimi ni mke wake. Nakubali mimi."

"Wewe hukuandikwa. Kaandikwa mama yake, kwa namba hii moja tu."

Akanisomea tena.

Wapenzi, nikapiga ngumi theluji. Kwa sababu ile namba naijua. Na mume wangu aliniahidi kwa mdomo wake kwamba angeandika nyingine.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe.

Naitwa Akbota. Mwaka jana nilimaliza chuo, mwaka huo huo nikaolewa na Yerkebulan, nikahamia kwao hapa Almaty. Nyumba ina watu watatu: mimi, Yerke na mama yake, Mama Zaure. Baba mkwe sikumkuta. Alifia mlimani, Jyrgalan, kule kwa Wakirgizi, Yerke akiwa bado mdogo.

Zaidi ya hapo hakuna mtu anayesema kitu.

Kwenye korido yao kuna simu ya mezani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Waya umechomolewa, umeviringishwa vizuri kando. Na kila asubuhi Mama Zaure anaifuta vumbi, taratibu, kama anamfuta mtoto uso.

Wiki yangu ya kwanza ya ndoa nikajifanya mjuaji.

"Mama, hii si tuitupe tu? Siku hizi nani ana simu ya mezani?"

Aliendelea kufuta… akafuta… akafuta mpaka nikaona aibu, nikaondoka mwenyewe.

Basi. Februari hii Yerke akaja na wazo la likizo. Twende tukateleze kwenye theluji Jyrgalan, tena mbali na lifti za kupandisha watu mlimani, huko ambako hakuna aliyekanyaga.

"Huko huko kwa baba?" nikamuuliza.

"Huko huko. Nimechoka kupaogopa mahali ambapo sijawahi kupaona."

Ningebishana naye vipi? Nikaanza kupanga. Na mimi nikipanga safari, mnanijua! Gari, nyumba ya kulala, mwongoza njia, soksi za akiba. Jumapili mchana nikawakalisha jikoni na chai ya maziwa, tuchague bima.

"Sikilizeni. Hii ya kwanza nafuu, lakini ukitoka nje ya njia zenye alama wanakuruka. Ya pili inakubali nje ya njia ila ukikutwa umeonja hata bia, umeumia kivyako. Ya tatu ina helikopta."

"Chukua ya helikopta," Yerke akasema, andazi la baursak mdomoni.

"Na ukivunja mbao za ski za kukodi?"

"Bota, unanunua bima au unaniposa upya?"

"Nakuposa upya, huyu wa kwanza hasomi maandishi madogo. Haya, mtu wa nyumbani wa kupigiwa tumwandike kaka yangu Galym. Simu haimtoki mkononi, mpaka msalani anaenda nayo."

"Sawa. Galym. Nitajaza mimi."

Mimi nikaendelea kusoma kwa sauti, kiherehere changu: "Endapo mteja atafariki…"

Birika likatua mezani, kishindo. Mama Zaure akatema mate ya uongo begani, mara tatu, kufukuza nuksi.

"Hapa panaliwa chakula," akasema. Akatoka.

Sikushangaa. Kwetu neno baya haliingii ndani hivi hivi. Mtu akifa, hupigi simu. Wanaenda wazee, wanakaa, wanakunywa chai, wanazunguka na maneno mpaka mwenye msiba aelewe mwenyewe polepole. Wengine tunawaficha habari kabisa hadi wapate nguvu ya kusikia. Nimekulia humo, niliona ndiyo adabu.

Siku ya safari mama alitukumbatia mlangoni. Mikono yake ilikuwa baridi. Nikasikia anafunga komeo nyuma yetu haraka haraka, kama mtu anayewahi kitu.

Jyrgalan palikuwa pazuri, sitawadanganya. Lakini pametulia vibaya. Ukisimama, unasikia damu yako masikioni.

Mwongoza njia wetu alikuwa Mkirgizi, Kubat, mtu wa maneno machache.

"Fuateni mstari wangu," alisema. "Msiguse miti ya kushoto. Chini yake theluji ni mashimo."

Akatangulia. Nikamfuata. Nilipogeuka, Yerke alikuwa bado amesimama juu, kichwa kakiinamisha upande.

"Yerke! Njoo bwana!"

"Kuna mtu anaita," akasema.

"Hakuna mtu huko," Kubat akajibu kutoka chini.

Mimi sikusikia kitu. Nawaapia, sikusikia kitu. Lakini mume wangu aligeuza ski zake kushoto, polepole tu, kama mtu anayeitwa kwa jina lake… akaingia kwenye miti.

Halafu ule mlio wa mti na mfupa.

Basi ndiyo tukafika pale nilipoanzia. Mimi na simu ya Kubat, na yule dada wa bima, na ile namba ya korido.

"Uliniahidi Galym," nikamwambia Yerke huku nalia. "Umeandika simu ya makumbusho, Yerke. Umejiua mwenyewe kwa kalamu."

Macho yake yalikuwa nusu wazi. Midomo ikacheza.

"Pokea…" akanong'ona. "Mama… pokea…"

Kubat akanivuta mkono, akanionyesha bondeni. Wingu zito lilikuwa linapanda.

"Shemeji, hilo wingu likifika kwenye ule mwamba wa juu yetu, hakuna ndege itakayopanda leo. Tukimburuta kwa machela hatufiki naye. Paja hili linavuja kwa ndani."

Nikarudi kwenye simu. "Dada, nakupa namba ya mama ya mkononi. Tafadhali. Andika."

"Ngoja, ile ya kwanza inaita."

"Haiwezi kuita. Haina waya."

"Dada… imepokelewa. Haikumaliza hata mlio mmoja."

Nikamwangalia Kubat, naye ananiangalia. Nilimwona mbele ya macho yangu mtu amekaa kwenye ile korido, lakini sikuweza kumpa sura ya mtu aliye hai…

Upepo. Wingu limefika kwenye mwamba wa chini.

Kisha sauti ikarudi.

"Ni mama yake. Penisilini inamdhuru, ugonjwa hana. Amekubali. Helikopta inaruka sasa hivi."

Nilizamisha uso kwenye theluji nikalia kama mtoto.

"Amesema nini kingine?"

"Ameniomba nisikate," akasema yule dada, na safari hii sauti yake haikuwa ya kazini. "Ameniomba nimrudie maneno yote, tangu mwanzo hadi mwisho."

Helikopta ilimchukua wingu likiwa miguuni mwetu. Hospitalini Bishkek, mji mkuu wa Wakirgizi, wakamfunga paja, wakamwongeza damu. Akaishi. Yuko hai, wapenzi, pumueni.

Mama Zaure alikuja na basi. Tukakaa wawili nje ya wodi. Nilijizuia, nikashindwa.

"Mama, ile simu…"

"Mkishafunga mlango tu, nachomeka waya," akasema. "Naweka kiti pale. Kila Yerke akienda mlimani. Hata msalani naacha mlango wazi. Yeye anajua. Mimi ndiye niliyemwomba aandike ile, asiandike nyingine."

"Si ungetumia ya mkononi?"

"Ile ndiyo iliyopigwa siku ya baba yake."

Nikahisi baridi ya kule mlimani inanifuata mpaka pale kwenye benchi.

"Baba alikuwa na bima?"

"Alikuwa nayo. Nzuri, kama yenu. Akapiga mtu, mgeni, simjui. Akaanza, 'Mama, mume wako ame…' Nikakata. Nikasema huyu hana adabu, ananiletea kifo kwa simu, bila wazee, bila chai. Akapiga tena. Nikakata. Alipopiga mara ya tatu nikachomoa waya, nikatandika meza, nikakaa kuwasubiri wazee waje."

"Walikuja?"

"Kesho yake. Wakanywa chai. Wakazunguka na maneno vizuri sana, kama inavyotakiwa." Akakunja leso yake, akaikunjua. "Kumbe yule mtu alikuwa anataka ruhusa yangu tu. Baba Yerke alikuwa hai mpaka jioni."

Nikamshika mkono tu. Mimi, mnayenijua kwa mdomo.

"Miaka yote hii, Akbota, nataka mtu animalizie ile sentensi. Yule binti alipoanza, 'Mama, mwanao ameanguka,' mkono wangu ulitaka kukata. Mkono wenyewe, siyo mimi. Nikaushika kwa mkono wa pili. Akaimalizia. Akasema, 'lakini yu hai.'"

Yerke alipopata nguvu ya kuongea nilimbana.

"Mbona hukuniambia mimi mkeo?"

"Ningeanzaje, Bota? Kwamba mama alimuua baba kwa adabu?"

Ndugu zangu, chagueni bima, someni maandishi madogo, ulizieni helikopta. Lakini kabla ya safari kaeni muulizane kwa uwazi nani atapigiwa. Na huyo mtu awe anaweza kusikiliza habari mbaya mpaka mwisho wake. Wakati mwingine mwisho wake ndio unaobeba roho ya mtu.

Sasa tumerudi Almaty, Yerke kahamishiwa hospitali ya hapa. Ile simu haichomolewi tena. Na huwa inaita, mchana kweupe. Mama anapokea, hasemi kitu, anasikiliza mpaka ikate yenyewe. Nikimuuliza nani, anasema ni upepo.

Leo imeita yeye akiwa sokoni. Nimepokea mimi.

Haikuwa upepo.

Ningewaandikia sasa hivi alichosema, lakini mama amerudi, kasimama mlangoni na kapu lake, ananiangalia usoni kama anayejua. Kesho mchana anaenda kumlisha Yerke. Akitoka tu, nawaandikia neno kwa neno.