Kiapo cha Tufaha

Kila siku ya shule, ikifika saa tisa alasiri, Tufaha alikuwa ameshavua sare na kuketi uani mbele ya karai la maji ya moto. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kazi yake ilikuwa kuosha chupa. Baba yake, Mzee Alamin, aliuza asali katika duka lililojengwa na babu yake mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora, na aliringia asali kama wengine wanavyoringia ng'ombe. Hakununua ndoo kwa kuitazama. Alichovya kijiti mpaka chini, akalamba, akafumba macho, kisha akamwambia mwenye mali asali yake imetoka msitu gani na kama imetiwa sukari. Wafugaji nyuki wengi walimwogopa. Mzee Lugembe peke yake, aliyekuja kwa treni kutoka Kaliua mara mbili kwa mwezi, ndiye aliyecheka na kusema, "Onja, Bwana Alamin. Onja na nyuki wenyewe ukipenda."

Kaka yake Tufaha, Humaidi, alikuwa darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kubeba ndoo. Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kufunga Ramadhani nzima. Mwaka uliotangulia alishindwa siku ya tisa, mchana kweupe, kwa andazi, na binamu zake wakampa jina la Sheikh Andazi. Jina hilo lilimfuata mpaka madrasa. Humaidi aliapa kwamba safari hii atafunga siku zote, hata kama nyumba nzima itanuka maandazi.

Lakini kulikuwa na siri. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili, Humaidi alipovua fulana ili anawe, Tufaha aliona kitu upande wa kushoto wa shingo yake, juu kidogo ya mfupa wa mtulinga. Kilikuwa na ukubwa wa kokwa ya tende. Alikibonyeza, na Humaidi hakusikia maumivu.

"Kimeanza lini?" aliuliza Tufaha.

"Sijui. Usimwambie Mama. Akijua ninaumwa hataniruhusu kufunga. Apa."

Tufaha aliapa, wallahi, maana kaka yake alikuwa amemshika mkono na macho yake yalikuwa yanaomba. Kuapa ni rahisi. Uzito wake huja baadaye.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa yai la njiwa. Humaidi alishinda na kanzu iliyofungwa kola mpaka juu, na watu wakamsifu kwa uchaji. Alikonda. Shangazi zake walipokuja kufuturu walimshika mashavu wakasema, "Mashallah, saumu imemkaa mtoto." Tufaha ndiye aliyefua mashuka. Kila asubuhi shuka la kaka yake lilikuwa limelowa jasho la kukamulika, ingawa mvua zilikuwa zinanyesha na usiku ulikuwa wa baridi. Tufaha aliogopa. Aliogopa darasani, aliogopa akikaanga kachori, na hakumwambia mtu.

Siku ya nane ya mfungo, Humaidi alianguka akiwa amebeba ndoo. Asali ilitapakaa mpaka mlangoni. Mama alipomfungua kola ili apate hewa, akauona uvimbe. Asubuhi yake alimchukua yeye na Tufaha, wakaenda hospitali.

Daktari aliyewapokea aliitwa Bertila, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Aliupapasa uvimbe taratibu.

"Umeanza lini?"

"Wiki mbili, daktari," alisema Humaidi bila kupepesa macho.

"Usiku unatokwa na jasho?"

"Hapana."

"Na huku kukonda?"

"Ni mfungo tu."

Daktari alimgeukia Tufaha. "Wewe unakaa naye nyumba moja. Ni kweli anavyosema?"

Tufaha alitazama sakafu. "Ndiyo, daktari."

Tezi ya wiki mbili kwa mtoto mara nyingi huvimba kwa ugonjwa wa koo au wa jino. Kwa hiyo daktari aliandika vidonge vya kumeza mara mbili kwa siku, akaagiza warudi vikiisha. Humaidi alifurahi mno: kimoja futari, kingine daku, na saumu haikuguswa. Mama alitaka aache kufunga. Baba akasema mtoto anayetaka kumcha Mungu asizuiwe kwa kizunguzungu cha siku moja. Nyumba nzima ikatulia, isipokuwa Tufaha.

Vidonge vilikaribia kwisha, lakini uvimbe haukupungua. Siku ya ishirini Humaidi alimwita dada yake chumbani, akainua mkono. Kwapani kulikuwa na uvimbe mwingine.

"Naogopa," alisema. Kisha haraka haraka akaongeza, "Lakini zimebaki siku kumi tu. Usiseme."

Tufaha alitoka pale akaenda moja kwa moja jikoni, kabla moyo haujamgeuka. Alimweleza Mama kila kitu: ile likizo, kiapo, mashuka, kwapa. Mama aliweka mwiko chini. Akaenda kulipapasa kwapa la Humaidi kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake, mbele ya daktari, aliyarudia yote. "Nilidanganya," alisema. "Si wiki mbili. Ni zaidi ya miezi miwili na nusu, na anatokwa jasho kila usiku. Nisamehe, daktari."

Daktari Bertila alichukua kalamu, akayakata maneno "wiki mbili" katika faili, akaandika upya. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Tezi isiyouma, inayokua kwa miezi, pamoja na jasho na kukonda, haipewi vidonge ikasubiriwa," alimwambia Mama. "Inabidi tumpasue kidogo, tuchukue kipande cha tezi, tukipime kama ni kansa. Na kufunga basi. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona."

Njiani Humaidi alitangulia mbele kwa hasira. Walipofika mlangoni alimgeukia dada yake. "Umevunja kiapo. Usiniite kaka." Tangu hapo hakumsemesha. Akitaka chumvi, alimwomba Mama, hata kama kibakuli kilikuwa mkononi mwa Tufaha.

Baba naye, alipoelezwa habari ya kuchukua kipande cha tezi, alikataa katakata. Siku hiyo Mzee Lugembe alikuwa dukani, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, anasubiri jua lizame asali yake ionjwe.

"Kisu hakimgusi mwanangu," Baba alimwambia Mama. "Umemsahau Yaser? Mdogo wangu alitokwa damu puani, akawa na madoa mwili mzima, homa haikushuka. Miezi mitatu, tukamzika. Walisema kansa ya damu. Na huyu sasa wanamtajia kansa. Kansa ni kansa! Na uvimbe ukiguswa na kisu hutawanyika, kila mtu anajua."

Mama alifunika uso kwa mtandio. Tufaha alisimama nyuma ya kaunta. Alikuwa ameitoa siri, kaka yake amemchukia, na bado hakuna kilichosaidia.

Mzee Lugembe alikohoa. "Bwana Alamin, unajua kwa nini siku hizi sibebi ndoo zangu mwenyewe?"

"Mgongo, mzee wangu. Uzee."

"Mgongo ndiyo, uzee sio. Nina kansa ya damu. Mwaka wa tatu huu."

Mteja mmoja aliyekuwa ameshika chupa ya asali aliirudisha polepole kwenye rafu, akatoka bila kuaga.

"Umeona?" alisema Mzee Lugembe, akimwonyesha yule mteja kwa kidevu. "Nilificha kwa ajili ya watu kama huyo. Wanadhani itawaingia kwa asali. Lakini siwezi kukaa kimya hapa, mtoto akafa kwa sababu ya ugonjwa wa ndugu yako."

"Yaser alikwisha kwa miezi mitatu," alisema Baba, sauti imemkauka. "Wewe miaka mitatu?"

"Ndiyo maana nasema twende kwa Daktari Bertila, ndiye anayenitibu mimi pia, akueleze. Mimi nitaharibu maneno."

Walikwenda siku hiyohiyo, na Tufaha akafuatana nao akiwa amebeba bahasha yenye cheti cha hospitali cha marehemu ami yake Yaser. Daktari Bertila alikisoma, kisha akachora mfupa kwenye karatasi na kuujaza nukta ndani.

"Ndani ya mfupa mna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa," alimwambia Baba. "Marehemu alikuwa na lukemia. Chembe nyeupe za damu ambazo hazijakomaa zilizaana ovyo katika uboho, zikafurika kwenye damu, zikazinyima chembe nyingine nafasi. Ndiyo maana alipauka, akatokwa damu, homa zikamwandama. Lukemia nyingine huenda polepole. Yake ilikwenda mbio."

"Na mimi?" aliuliza Mzee Lugembe.

"Wewe ni mieloma, mzee. Nayo hukaa kwenye uboho, lakini imeshika chembe za aina moja tu, zile zinazotengeneza kinga ya mwili. Hutafuna mifupa, huweza kuharibu figo, na mara nyingi huwapata watu wa umri wako. Dawa haziing'oi, ila zinaituliza."

Kisha alichora shingo na kuweka vidoto vitatu. "Ninachokihofia kwa Humaidi ni limfoma. Hiyo huanzia kwenye tezi, hizi mnazoziita mitoki zikivimba, za shingoni, kwapani na kinenani. Zenyewe ni makundi mawili, ya Hodgkin na zile zisizo za Hodgkin, na matibabu yake hayafanani. Mtaani zote mnaziita kansa ya damu. Hakuna hata moja inayoambukiza."

"Utajuaje ni ipi?" aliuliza Baba.

"Kwa macho sijui. Huenda hata si kansa, ni kifua kikuu cha tezi. Nitoe tezi moja, wataalamu waitazame kwa hadubini. Na kumpasua mtoto kuchukua kipimo hakutamwongezea ugonjwa. Kungoja ndiko kutamwongezea."

Baba aliivuta ile michoro karibu. "Mimi asali yenyewe siinunui kwa kuitazama ndoo," alisema, akaomba kalamu atie sahihi.

Majibu yalirudi kutoka Mwanza baada ya wiki tatu: limfoma ya Hodgkin. Daktari hakuficha kwamba imeshafika kwapani na kifuani, na kwamba ingekuwa afadhali wangeikuta mapema. Lakini alisema pia kuwa watoto wengi wenye aina hiyo hupona wakimaliza dawa zote. Humaidi alipanda basi la Mwanza na Mama. Dukani, wateja wachache waliacha kununua asali ya Mzee Lugembe. Baba aliziweka ndoo zake mbele kabisa, na aliyeuliza maswali alipewa darasa refu la lukemia, mieloma na limfoma hata kama alikuja kununua robo lita.

Mwishoni mwa mwezi wa sita Humaidi alirudi kwa mapumziko ya wiki moja kati ya dawa na dawa. Hakuwa na nywele wala nyusi. Tufaha alikuwa uani kwenye karai lake. Alimwona akija, akainamisha kichwa, maana miezi mitatu ya kununiwa ilikuwa imemfundisha kutotegemea kitu.

Humaidi alivuta kigoda, akaketi. "Tufaha."

"Abee."

"Gusa hapa."

Aliuchukua mkono wake uliojaa povu, akauweka shingoni. Tufaha alipapasa juu ya mtulinga. Akapapasa chini ya sikio, akarudi, akabonyeza.

"Hakipo," alisema.

"Hakipo. Dawa bado sijamaliza, na vipimo vitaendelea miaka. Lakini hakipo." "Mwanza tulilala chumba kimoja na mvulana ambaye kwao walinyamaza mwaka mzima, akafikishwa hospitali amechelewa. Dada yangu, nisamehe."

Tufaha alilia, akajifuta machozi kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni.

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuja akachuchumaa kati yao. "Sikilizeni," alisema. "Kiapo cha kumficha mgonjwa asipate tiba hakitunzwi. Tufaha, ulikosa ulipoapa, na ukakosa zaidi ulipomdanganya daktari, kwa sababu daktari anatibu kile anachoambiwa. Ulipokwenda jikoni kwa mama yako, hapo ulimwokoa ndugu yako. Mimi nami nilikosa. Niliyapa maradhi matatu jina moja bila kuuliza, nikakaribia kumzika mwanangu kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Mkiumwa, semeni. Msipojua, ulizeni anayejua. Na kesho tutalisha maskini kumi, kafara ya kuvunja kiapo cha Tufaha."

"Ishirini," alisema Humaidi. "Mimi ndiye niliyemwapisha."

Baba alimtazama, akasimama, akaenda kumwambia Mama aongeze mchele.