Mwenye Wimbo

Kila Jumamosi, wakishakunywa uji, Benitha na mama yake, Agnetha, walichuma kahawa shambani kwao Igurwa pamoja na jirani yao, Bibi Mukabera. Vikapu vilining'inia kiunoni, mikono ikienda mbio, na nyimbo zikipokezanwa kutoka mbuni hadi mbuni. Bibi Mukabera alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuimba wimbo wa mtu, alimtaja mwenyewe kwanza. "Huu ni wa shangazi yangu," angesema, ndipo aanze.

Benitha alikuwa na miaka kumi na mitatu, sauti nzuri, na daftari lenye nyimbo tatu alizozitunga. Lakini Theoneste, kijana mwenye studio ndogo mjini Kayanga, alipokubali kumrekodi, Benitha aliziona zote bado mbichi. Akaimba ule ambao Bibi Mukabera alimtungia bintiye alipokuwa mchanga mgongoni.

"Mtunzi nani?" Theoneste aliuliza.

"Mimi."

Wiki mbili baadaye wimbo ulisikika kwenye kila bodaboda Kayanga. Theoneste akasema Jumatatu angeupeleka redioni, na jina la mtunzi lingetajwa. Shuleni, Novatus wa darasani kwake alimpa daftari lake. "Msanii, nisainie hapa kabla hujatusahau." Wenzake wakacheka, naye Benitha akasaini.

Jumamosi hiyo Bibi Mukabera alijifuta jasho, akashika tawi.

"Huu ni wa Benitha," akasema. Kisha akaanza kuimba ule aliomtungia bintiye.

Hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Benitha. Masikio yake yaliwaka kwa aibu. Aliinama akachuma bila kutazama, mbichi na mbivu zikaingia kikapuni pamoja.

Mama yake alichungulia kikapu. "Tangu lini tunachuma mbichi? Una nini?"

"Mama, wimbo ule si wangu."

"Usiniambie mimi. Mwenyewe yule pale."

Benitha alikwenda, akapiga magoti kwenye majani makavu. "Bibi, nilisema nimeutunga mimi. Nisamehe."

Bibi Mukabera aliendelea kuchuma mpaka tawi likaisha. "Ungeomba, ningekupa," alisema. "Kila wiki unanisikia nikiwataja wengine. Ilipofika zamu yangu, hukunitaja."

Machozi ya Benitha yalidondokea kikapuni.

Jumapili baada ya ibada, Agnetha alimpeleka Kayanga. Theoneste alikunja uso. "Mama, nimeshawatangazia watu kwamba mtunzi ni huyu."

"Basi watangazie tena," Agnetha akajibu, akavuta kiti akakaa.

Benitha alisogelea maikrofoni. "Huu ni wa Bibi Mukabera wa Igurwa," alisema, ndipo akaimba. Jumatatu redio ilisema hivyo hivyo. Novatus akamwita msanii wa kuazima, naye hakubisha, maana ilikuwa kweli.

Jumamosi iliyofuata walikuwa shambani tena. Benitha alisita, kisha akasema polepole, "Huu ni wangu." Wimbo ulikwama ubeti wa pili. Bibi Mukabera akamsubiri mpaka Benitha akaukumbuka, kisha akauitikia.

"Bado mbichi," Benitha alisema, akiinamisha uso.

"Utaiva," Agnetha alisema. "Aibu uliyoiona usiisahau, itakulinda. Sifa ya kazi ya mwenzako haikukai, mwanangu. Afadhali yako mbichi uilee mpaka iive, kuliko kuchuma mbivu kwenye shamba la jirani."