Sanduku Lililojaa Mapema

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika siku ile, wauza samaki wa Nyangwe wakigombania nafasi na wauza mihogo, na Falonne alikuwa amebana pini nne mdomoni wakati kijana mmoja aliposimamisha pikipiki yake, nusura aangushe meza ya cherehani. Alivaa koti la jinzi lililojaa vumbi jekundu la barabara ya Kabambare, na mkononi alishika kikwembe kipya, kitenge cha kijani chenye maua ya manjano.

"Mama mushonaji, nataka robe ya kunyonyesheya. Ile ya kufunguka hapa mbele."

Falonne alitoa pini mdomoni moja moja. Huyu naye, mzuri hivi, kumbe ana mke! Moyo ulimshuka kabla hata hajajua jina lake.

"Bibi yako iko munene ao mwembamba?"

"Bibi gani? Ni ya yaya yangu mwenye alinitangulia kuzaliwa. Amezaa juzi. Miye sina hata wa kunipikia chai."

"Sikukuuliza habari ya chai."

"Lakini umecheka."

Kweli alikuwa amecheka. Kijana aliitwa Asani. Gauni likaisha kwa siku mbili, lakini yeye alirudi mara tano kuulizia kama limeisha, na mara ya tano alisahau kwamba alishalichukua.

Mwaka ulipopinduka, Falonne alikuwa na mimba ya miezi minne. Asani hakukimbia kama wanavyokimbia wengine. Alikwenda mwenyewe kwa Mama Léocadie, mama yake Falonne, akavua kofia yake ya kuswalia na kuishika mikononi, akasema mimba ni yake na atawaleta watu wa kwao Kabambare. Mama Léocadie, mwimbaji wa kwaya kwa miaka ishirini, alikuwa amemtamania bintiye bwana harusi wa kanisani. Alinung'unika, akazunguka uani mara mbili, kisha akampikia kuku.

Asani akaenda Salamabila kutafuta mali ya kuoa, maana kule kwenye dhahabu mwendesha pikipiki hupata kwa wiki kile ambacho Kasongo humpa kwa mwezi. Mapenzi yao yakahamia kwenye simu.

"Moyo wangu, leo amekula?"

"Nani?"

"Mukubwa wa mu tumbo."

"Amekula sombe na samaki, na bado iko nanipiga mateke. Huyu ni wa kwenu kabisa."

Siku nyingine walipanga maisha. "Mama Nadine wa hapa jirani amekubali kubeba mutoto wakati niko nashona," Falonne alisema. "Anaomba elfu makumi tatu kwa mwezi, na sabuni."

"Elfu makumi tatu juu ya kubeba mutoto tu? Kwa bei hiyo naacha pikipiki, nakuya kumubeba miye!"

"Kuya basi."

Asani aliacha utani.

"Nitakuya, chérie. Nitakuya na shangazi Amisa. Lakini weye usishone kitu cha mutoto, usinunue kitu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bwana wangu."

Alisikia, lakini hakuelewa. Alidhani ni huruma ya mwanamume asiyetaka mgongo wa mpenziwe uumie. Yeye hesabu yake ilikuwa nyingine: kila kofia atakayoishona mwenyewe ni siku moja pungufu ya Asani kule Salamabila, kwenye barabara ambayo waendesha pikipiki huvuliwa hata viatu. Kwa hiyo alishona. Alishona vitambaa kumi na viwili vya kumfungia mtoto, kofia sita, soksi za sufu, magauni mawili ya kunyonyeshea, na kikwembe cha kumbebea mgongoni akakipiga pindo mara mbili. Akanunua sanduku la bati, akalijaza mpaka likakataa kufunga. Kila akilitazama alimwona Asani anarudi.

Sasa, kwa watu wa ukoo wa Asani, nguo za kwanza za mtoto huletwa na upande wa baba, zimefungwa kwenye furushi moja, na shangazi ndiye hulifungua mbele ya mwenye mimba. Mwanamke akiwa ameshajaza sanduku lake, ukoo unasoma neno moja tu: mtoto huyu ana wenyewe, rudini kwenu. Asani alikulia ndani ya desturi hiyo, na haikumjia akilini kwamba kuna mtu asiyeijua. Mpumbavu mpendwa! Maneno manne zaidi kwenye simu yangetosha.

Walifika Jumamosi mchana, mimba ikiwa ya miezi minane, pikipiki tatu zimepakia watu, mchele na mbuzi. Shangazi Amisa, mwanamke mrefu mwenye hijabu ya zambarau, alishuka amekumbatia furushi kifuani. Falonne alivaa kikwembe kipya na kupaka mafuta mpaka akang'aa. Asani alipoliona tumbo lile alishindwa kusalimia. Alishika mdomo tu, macho yamejaa maji.

"Chumba cha mutoto kiko wapi?" Shangazi aliuliza baada ya maji na salamu.

Falonne alimwongoza kwa fahari. Akafungua sanduku, akatoa kofia moja baada ya nyingine, akazitandaza kitandani, akingoja kusifiwa.

"Kila kitu kiko," Shangazi Amisa alisema polepole.

"Ndiyo, mama. Kila kitu kiko."

"Basi siye tumekuya kufanya nini?"

Falonne alidhani anataniwa. Akacheka kwa furaha. "Kula tu, mama!"

Shangazi hakucheka. Aliinama akalichukua furushi lake, halijafunguliwa hata fundo moja, akatoka nje. Wanaume wakaangaliana na kusimama. Mama Léocadie akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akiuliza kuna nini.

Asani alisimama mlangoni. "Nilikuambia usishone," alisema kwa sauti ndogo.

Falonne alimtazama. Alikuwa amejishona vidole mara ngapi kwa ajili yake! Alingoja Asani aseme neno la kumtetea. Asani naye alingoja yeye aseme lolote la kuomba. Pikipiki zikawaka moja moja, ya Asani ikawa ya mwisho.

Desturi yenyewe Falonne alielezwa jioni ile na jirani mwenye wakwe huko Kabambare, na badala ya kulainika akazidi kuwa mgumu. Kwa nini Asani hakuwaeleza watu wake kwamba yeye hakuijua? Asani alipompigia, Falonne hakupokea. Wiki nzima aliiacha simu ilie. Kisha ikaacha kulia, na siku aliyojishusha akapiga yeye, namba ilikuwa haipatikani tena. Mwezi uliofuata alizaa msichana, Mama Léocadie peke yake akiwa pembeni ya kitanda.

Mtoto alipotimiza siku arobaini, Asani alikuja. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri mno, na Falonne alijua papo hapo kwamba mkono uliolipiga pasi haukuwa wa Asani. Hata hivyo alimpa mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Sarah-Grâce."

"Iko na masikio yangu."

"Iko nayo. Nayaangalia kila siku."

Asani alimpakata mtoto vizuri. "Wamenioza binti wa Lusangi. Anaitwa Safi. Haiko mutu mubaya."

"Sikukuuliza kama iko mubaya."

"Dini yangu inaniruhusu wawili, Falonne. Naweza kukukamata na weye, bibi wa pili. Nakupenda sawa zamani."

"Yangu hainiruhusu. Na hata ingeniruhusu, singeweza kukungojea kwa zamu." Alinyoosha kitambaa begani mwa mtoto, akauliza neno lililomla tangu Jumamosi ile. "Asani, kama ningekufuata pale inje nikuambie bakia, ungebakia?"

Aliomba moyoni ajibu hapana. Hapana ingemsaidia kulala.

"Ningebakia," Asani alisema. "Pale mwisho wa muji nilimudanganya shangazi pneu ya pikipiki imetoboka. Nilisimama mpaka saa kumi, nakungojea unipigie."

"Miye nilikuwa na simu mu mukono. Nilikuwa nakungojea weye."

Mama Léocadie alikohoa uani. Mtoto akaamka, akaanza kulia kwa njaa, na Falonne akampokea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akampa ziwa. Asani akageuza uso, akautazama ukuta kama afanyavyo mgeni mwenye adabu. Hapo ndipo Falonne alipolia.